Vita Vilivyoshukia Kendu Bay

Kisii haina ziwa. Nalisema hilo mapema kwa sababu hii ni stori ya meli na boti, na mimi nimezaliwa Keroka, mji ambao upande mmoja wa barabara ni kaunti ya Kisii na upande wa pili ni Nyamira, na pande zote mbili maji utakayoyaona ni ya mvua. Kwetu ni chai, ndizi na matope. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipoliona Ziwa Victoria kwa macho yangu, tulipopelekwa Kisumu na shule, na nilichokumbuka jioni ile ni samaki.

Lakini kuna mtu wa familia yetu aliyepotelea upande huo wa maji. Bibi yangu, ambaye sisi humwita Magokoro, ana tabia ya kutaja majina ya ukoo usiku stima ikipotea. Huanza na watoto wake, hupanda kwa wazazi, kisha kwa wazazi wa wazazi. Kila mtu ana mahali alipozikwa: huyu chini ya mparachichi, huyu kule kwa kina fulani kabla hawajauza shamba. Akifika kwa mmoja, ndugu ya babu yake, hasemi alizikwa wapi. Husema tu, "Huyu alipanda meli Kendu." Halafu anaendelea na jina linalofuata.

Nikiwa mdogo nilidhani ni njia ya heshima ya kusema mtu amekufa. Kama vile watu wanavyosema fulani ametutoka, kwetu walisema amepanda meli Kendu. Sikujua kwamba ilikuwa meli kweli.

Kidato cha nne tulifundishwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nilikariri Sarajevo. Nilikariri Franz Ferdinand, miungano ya mataifa ya Ulaya na mkataba wa Versailles, nikapata alama nzuri tu. Hakuna aliyetuambia kwamba wiki tano na ushee baada ya Uingereza kutangaza vita, mizinga ya Wajerumani ilikuwa inalia kwenye vilima vya Kisii, mji ambao wengi wetu tulikuwa tunaenda kununua sare za shule. Niliyajua hayo baadaye, nilipokuwa nimeacha chuo mwaka wa pili (karo ilikuwa sababu moja, mimi mwenyewe nilikuwa sababu ya pili) na nilikuwa nafanya kazi saiba moja pale mjini. Kati ya mteja wa kuchapisha CV na mteja wa KRA, nilikuwa nasoma. Siku moja nikakutana na sentensi iliyosema kwamba wanajeshi wa Uingereza waliletwa kwa meli kutoka Kisumu hadi Kendu, kisha wakatembea kwa miguu kupanda Kisii.

Kendu. Nikaiacha kazi ya mteja ikingoja.

Ili uelewe kwa nini Kendu, itabidi usahau lami. Mwaka wa 1914 hakukuwa na barabara ya maana ya kufika Kisii. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa 1901, na hapo ndipo ilipokomea. Ukitaka kitu kifike kwa Abagusii, iwe ni chumvi, mabati, barua au hakimu, unakipakia kwenye meli Kisumu, unakishusha Kendu Bay, halafu mtu anakibeba zaidi ya kilomita 40 akipanda mlima. Ziwa liko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kisii unakaribia 1,700. Kila kilichofika Kisii kilikuwa kimepanda hiyo tofauti kwenye kichwa au mgongo wa kiumbe fulani.

Meli zenyewe zilikuwa za amani. Nyingi zilitengenezwa na kiwanda cha Bow, McLachlan kule Paisley, Scotland. Zilikuwa zinaungwa kule kwanza kwa boliti, kila kipande kinatiwa alama, kisha zinafunguliwa tena na kusafirishwa vipande vipande kwa bahari na kwa reli hadi Kisumu, ambako mafundi walizipigilia upya. Ya kwanza, William Mackinnon, ilianza safari yake kabla reli haijafika ziwani, kwa hiyo kuna vipande vyake vilivyobebwa na wapagazi kuvuka nchi. Meli iliyokuja kubeba mizigo ilibebwa kwanza yenyewe kama mzigo. Ilishushwa majini mwaka wa 1900. Winifred ikafuata 1902, halafu dada yake Sybil, kisha nyingine, pamoja na Kavirondo, ambayo ilikuwa tagi, yaani boti fupi yenye injini kubwa ya kuvuta majahazi ya mizigo.

Kazi yao ilikuwa kuzunguka ziwa. Ngozi, pamba, simsim, abiria, wamishonari, wakusanyaji kodi. Winifred haikujengwa ili imwue mtu.

Agosti 4, 1914, Uingereza ikaingia vitani. Ziwa Victoria lilikuwa limegawanywa: mpaka wa Waingereza na Wajerumani ulikata maji katikati, kisha ukatoka nchi kavu karibu na Shirati ukaelekea Kilimanjaro. Karungu ilikuwa bandari ndogo upande wa Waingereza. Shirati, Mwanza na Bukoba zilikuwa upande wa Wajerumani. Pande zote mbili zikaona jambo moja kwa wakati mmoja. Mwenye ziwa anaweza kushusha wanajeshi popote anapotaka, na asiye na ziwa atatembea. Na kwa Waingereza kulikuwa na hofu zaidi, kwa sababu Kisumu ndiyo iliyokuwa mwisho wa reli na mlango wa Uganda.

Kwa hiyo wakageukia zile meli za ngozi na simsim.

Kuigeuza meli ya abiria iwe ya kivita si kazi kubwa kama unavyodhani. Unaondoa shehena. Unaimarisha sitaha mahali utakapofunga mzinga, kwa maana mzinga ukipigwa unarudi nyuma kwa nguvu na mbao za kawaida hazitahimili. Unaufunga. Unapanga magunia au mabati mahali pa nahodha ili risasi isimpate kirahisi. Unaweka mtu anayejua kulenga. Baharini hiyo isingetosha, kwa sababu huko adui ana meli ya chuma kinene iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini ziwani hakuna aliyekuwa na kitu kama hicho. Kila boti ilikuwa raia aliyevalishwa sare. Aliyekuwa na mzinga unaofika mbali kidogo kuliko wa mwenzake ndiye aliyekuwa mfalme wa siku hiyo.

Wajerumani walikuwa na chache zaidi. Jina linalorudi kila mara ni Muansa, nayo ilikuwa tagi. Ndogo, ya kuvuta mizigo, ikafungwa mzinga mdogo ikawa ndiyo jeshi la majini la Kaiser kwenye ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Usicheke. Hiyo tagi iliwasumbua Waingereza kwa miezi.

Septemba, Wajerumani wakavuka mpaka kwa miguu. Kikosi chao kiliongozwa na Kapteni Bock von Wülfingen: maafisa na walowezi wa Kijerumani, mamia ya askari Waafrika, mizinga na bombomu. Walipanda kupitia nyanda za kusini hadi milima ya Kisii, na mnamo Septemba 11 wakaingia mjini bila kupigwa risasi. Maafisa wa Kiingereza walikuwa wameshaondoka.

Siku ya pili yake, Septemba 12, wanajeshi wa King's African Rifles walioshukia Kendu wakafika. Walikuwa wachache kuliko Wajerumani, wakiongozwa na Kapteni Thorneycroft, wengi wao wakiwa wa kikosi cha nne, kile cha Uganda. Wakashika kilima kinachotazama mji, wakaanza. Vita vilidumu hadi jioni. Thorneycroft aliuawa. Risasi za KAR zikawa zinaisha, wakarudi nyuma. Na Wajerumani nao, wakiwa wamepoteza maafisa na kuogopa kwamba kuna wengine wanaokuja kutoka ziwani, wakafunga virago usiku huohuo wakarudi walikotoka. Yaani pande zote mbili zilikimbiana. Asubuhi mji ulikuwa hauna mwenyewe.

Hapa nataka usimame kidogo. Askari waliokuwa wanauana pale walikuwa Waafrika karibu wote. Wengine walitoka Uganda na Sudan, wengine Unyamwezi, Usukuma na Manyema. Kiswahili kilisikika upande wa Wajerumani, na kilisikika upande wa pili pia. Wenye vilima, Abagusii, hawakuwa upande wowote. Walikuwa wanatazama.

Na walikuwa wanatazama wakiwa na kumbukumbu mbichi. Mwaka wa 1908, miaka sita tu kabla ya hapo, kijana aitwaye Otenyo alikuwa amemchoma mkuki Northcote, afisa aliyeletwa kutawala Kisii, akichochewa na maneno ya mwanamke shujaa aitwaye Moraa. Northcote alipona. Kilichofuata ni jeshi: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakauawa. Wazee walikuwa pia na maneno ya Sakagwa, mtabiri aliyekufa mwanzoni mwa karne, ambaye watu wanakumbuka alisema wageni watakuja na siku moja wataondoka. Na mwaka wa 1913, upande wa Alego, mtu aitwaye Onyango Dunde alisema kwamba joka kubwa lilitoka Ziwa Victoria, likammeza, likamtapika akiwa mzima, likamtuma awaambie watu waache njia za Wazungu, kwa sababu Wazungu wanaondoka. Joka hilo liliitwa Mumbo. Habari zake zikapanda hadi Kisii.

Kwa hiyo jiweke kwenye nafasi yao. Umeambiwa kitu kitatoka ziwani na wakoloni watatoweka. Septemba 1914 maafisa wanatoroka kuelekea ziwani, wageni wengine wanakuja, wanapigana wao kwa wao, kisha wote wanatoweka. Wewe ungefikiria nini?

Watu walifanya ambavyo watu hufanya. Waliingia mjini. Maduka yakaporwa, ofisi ya serikali ikaporwa, misheni pia: Wakatoliki pale Nyabururu, Waadventista pale Nyanchwa. Nimesoma maelezo kadhaa yanayouita wizi tu. Sikatai kwamba kulikuwa na wizi. Lakini mtu akichukua bati la ofisi iliyojengwa kwa kodi ya kibanda chake, kwenye shamba ambalo hakuliuza, sijui kama neno wizi linatosha peke yake.

Waingereza walirudi baada ya siku chache. Adhabu ilikuwa mifugo, na nyumba kuchomwa, na vijana kuchukuliwa kwenda kufanya kazi ya lazima. Kwa kosa la kudhani serikali imekwisha, watu walionyeshwa kwamba haijaisha.

Ziwani nako mambo yaliendelea. Katikati ya mwezi huohuo Winifred ilipeleka wanajeshi Karungu, ambayo Wajerumani walikuwa wameishika. Ilipokaribia, Muansa ikaifyatulia. Winifred ikageuza, ikarudi, kisha ikaja tena ikiwa na Kavirondo kando yake, na safari hiyo Muansa ikaona afadhali iondoke. Fikiria picha hiyo: meli ya abiria na tagi mbili, zote zilizoundwa kubeba na kuvuta mizigo, zinafukuzana mbele ya ufuo ambapo wanawake walikuwa wanaanika samaki.

Novemba, Sybil ikagonga mwamba karibu na Majita upande wa Wajerumani, ikabidi iachwe pale. Ilikaa hadi 1915 ndipo ikainuliwa. Machi mwaka huohuo Winifred ikaikuta Muansa kwenye mlango mwembamba wa maji wa Rugezi, karibu na Ukerewe, ikaifukuza mpaka ikapanda ufuoni, ingawa Wajerumani walifanikiwa kuiokoa. Juni 1915, meli za Kisumu zikabeba kikosi kikubwa kuvuka ziwa zima kwenda kushambulia Bukoba. Walibomoa mtambo wa redio wa Wajerumani, mji ukaporwa, na hiyo safari aliyepora ni jeshi lenyewe. Sijapata popote palipoandikwa kwamba wanajeshi hao walitozwa ng'ombe.

Julai 1916 Waingereza wakaitwaa Mwanza. Vita vya ziwani vikaisha.

Kuna stori nyingine ya aina hii ambayo huenda umeisikia, ya Ziwa Tanganyika. Huko Waingereza walileta boti mbili za petroli zenye urefu wa mita 12, zilizotengenezwa na kiwanda cha Thornycroft (jina linalotofautiana kwa herufi moja tu na la yule kapteni aliyekufa Kisii). Ziliagizwa awali na Wagiriki, kwa kazi ya ndege zao za majini. Afisa aliyepewa kazi hiyo, Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wake wakakataa, akaziita Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa cha watoto ni kitu hichohicho. Zilikwenda kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Kongo, zikaburutwa msituni kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mamia ya watu. Desemba 26, 1915, zikaiteka boti ya Kijerumani iitwayo Kingani, na Februari iliyofuata ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Mwandishi C. S. Forester akaandika riwaya iliyotokana na mambo hayo, na mwaka wa 1951 ikawa filamu ya Hollywood, The African Queen, iliyopigwa Uganda na Kongo. Humo mtu mwenye kiboti chake cha mizigo anakigeuza kuwa silaha. Boti iliyotumika kwenye filamu leo iko Florida, Marekani, imekarabatiwa, watalii wanalipa kuipanda.

Nimeitazama hiyo filamu mara mbili kwenye simu. Inafurahisha, kusema kweli. Lakini mara ya pili nilikuwa nahesabu kitu kingine: ni Waafrika wangapi wanazungumza. Hutachoka kuhesabu. Utamalizia kwenye vidole vya mkono mmoja na vidole vitabaki.

Huko ndiko nilikokuwa naelekea tangu mwanzo. Boti zote hizi zina wasifu. Tunajua Winifred ilijengwa wapi, ilishushwa majini mwaka gani, ilipigana na nani. Baada ya vita ilivuliwa mizinga ikarudi kubeba abiria na pamba kama zamani. Sybil ilizama, wakaenda wakaitafuta, wakaitoa majini, wakaitengeneza. Meli ikivunjika kulikuwa na bajeti ya kuirudisha.

Sasa mtazame aliyepanda.

Kuanzia 1915 kulikuwa na sheria iliyoruhusu watu kuchukuliwa kwa lazima kuwa wapagazi wa jeshi. Mwaka wa 1917 vita vilipohamia kusini ya Tanganyika, ambako hakuna reli, na farasi na ng'ombe wanauawa na mbung'o, hitaji likawa kubwa zaidi. John Ainsworth, aliyewahi kuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, akapewa kazi ya kusaka watu. Machifu wakapewa idadi. Nyanza, ambayo wakati huo ndani yake kulikuwa na Kisii na Nyamira ya leo, ikatoa maelfu kwa maelfu. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikakifanya Kariokor, na ndilo jina la mtaa ule wa Nairobi ambako watu huenda kula nyama choma na kununua vyondo. Dar es Salaam wanasema Kariakoo. Unapopiga picha za chakula pale, unapiga picha kwenye jina la kambi.

Mshahara ulikuwa rupia chache kwa mwezi. Chakula kilikuwa unga ambao mara nyingi haukupikwa ukaiva, kwa watu ambao wengine hawakuzoea mahindi, wakiwa wametoka milima yenye baridi na kupelekwa mabonde ya Rufiji yenye joto na mbu. Waliouawa na risasi walikuwa wachache. Kuhara damu, malaria na nimonia ndivyo vilivyowamaliza. Hesabu rasmi ya waliokufa upande wa Waingereza inapita 40,000. Kila mmoja alikuwa na kibati cha chuma chenye nambari.

Halafu kuna jambo ambalo, nilipolisoma, nilifunga kompyuta nikatoka nje. Vita vilipoisha kulikuwa na mishahara ambayo haikuchukuliwa. Ilikuwa ya watu waliokufa au ambao hawakujulikana walipo, ambao familia zao hazikujua kwamba kuna pesa au hazikuwa na njia ya kuthibitisha. Ilikuwa pesa nyingi. Miaka ilipita ikijadiliwa. Kulikuwa na pendekezo kwamba angalau itumike kwa faida ya Waafrika wa Kenya. London ikakataa. Deni likafutwa na mdaiwa.

Kwa hiyo Magokoro anaposema "huyu alipanda meli Kendu", anachosema ni taarifa kamili kuliko ya serikali. Serikali ilikuwa na nambari. Yeye ana jina, ana ukoo, na ana mahali ambapo mtu huyo alionekana mara ya mwisho.

Mwaka jana nilikwenda. Nilipanda matatu Keroka hadi Kisii, Kisii hadi Oyugis, kisha nyingine inayoteremka Kendu Bay. Ukiwa kwenye kiti unaona jinsi ardhi inavyokuachia: ndizi zinapungua, joto linapanda, udongo unabadilika rangi, halafu ghafla kule mbele kuna kitu kinachong'aa na mlima wa Homa umekaa kando yake. Nilijaribu kufikiria kijana wa Nyamira akiteremka njia hiyo kwa miguu, nyuma ya karani wa chifu, akiona maji mengi hivyo kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Yeye, kwa hesabu za Magokoro, alikuwa hata hajaoa.

Kendu nilikunywa soda, nikatembea hadi majini. Kulikuwa na boti za wavuvi, zile za mbao zenye injini ndogo nyuma, na vijana wanatengeneza nyavu. Nikamwuliza mmoja kama anajua mahali meli za zamani zilipokuwa zinatia nanga. Akanionyesha kwa kidevu. "Hapo tu. Babu yangu alikuwa anasema watu wa milimani walikuwa wanalia wakipanda."

Sikuwa nimemwambia ninakotoka.

Nilikaa pale hadi jua likalala kidogo, nikampigia Magokoro. Simu yake hushikwa na binamu yangu, kwa hiyo ilichukua muda. Akanisalimia akiniita tata, yaani baba, kama anavyowaita wajukuu wote wa kiume. Nikamwambia niko Kendu. Akanyamaza, kisha akauliza kama nimeiona meli.

"Hakuna meli siku hizi, Magokoro. Ni boti za samaki tu."

"Na yeye? Wamemwandika mahali?"

Nikamwambia wameandika idadi. Akauliza idadi ni nini, nikaeleza kwa Ekegusii kadiri nilivyoweza: wamewahesabu wote pamoja. Akasema mtu hahesabiwi na watu wengine kama mifuko ya chai.

Nikamwuliza kama niandike jina lake kwenye hii makala. Akafikiri. Akasema hapana, jina lake litakaa nyumbani, kwa sababu watakaolisoma hawamjui, na yeye mwenyewe hajarudi kuwaruhusu. Lakini niandike kwamba alikuwepo, na kwamba alitoka Nyamira, na kwamba aliondokea hapo nilipokuwa nimesimama.

Kisha akaniambia nirudi mapema, huko kwetu mvua ilikuwa imeanza.